Kuvu ya Bafuni na Mshikio wa Mzee: Mazungumzo kwa Watumishi wa Serikali na Wakaazi wa Pugu

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa Pugu, Dar es Salaam, mbele ya watumishi wa Serikali, wastaafu na wakaazi wa eneo hilo. Yanatolewa katika ukurasa huu wa matangazo kwa kuwa jambo lililozungumzwa linazihusu nyumba za Visiwani sawa na zile za Bara. Watumishi wanaombwa kuwasomea wazee walio majumbani.



Nilipotaja kuwa nitazungumza juu ya kuvu inayoota kwenye mishikio ya bafuni na pembezoni mwa hodhi la kuogea, baadhi yenu walicheka, na mmoja akaniuliza kama hakuna mambo makubwa zaidi ya kuzungumza Pugu hii, yenye barabara, maji na usafiri. Mambo hayo yapo, na wapo wanaoyasemea. Mimi naomba niseme juu ya hili dogo, kwa sababu lilimvunja mkono mkwe wangu.

Ilikuwa wakati wa masika ya mwaka 2019. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Unguja kukaa nasi, umri wake umeshapindukia miaka sabini, magoti yamechoka lakini akili ni timamu kabisa. Katika bafu alilokuwa akitumia mlikuwa na hodhi la kuogea, na ukutani mshikio wa chuma ambao fundi aliufunga miaka mitatu kabla. Mke wangu aliniambia mara mbili kwamba pembeni mwa mshikio ule pana weusi usiotoka hata ukisuguliwa. Nikamjibu kuwa ni koga tu, masika yakiisha itakauka. Mnafahamu nyote kwamba mwanamume haingii ovyo katika bafu la mkwewe, na mkwe naye hawezi kumwita mume wa bintiye amwonyeshe kasoro ya chumba cha kuogea. Heshima hiyo ni nzuri na sitaki iondoke. Lakini ndiyo iliyonifanya mimi, mtu niliyefanya kazi za majengo kwa miaka mingi, nisiuone mshikio ule kwa macho yangu mpaka siku ulipong'oka.

Uling'oka asubuhi. Mama alikuwa anatoka ndani ya hodhi, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akauegemea kwa uzito wake wote, ukaja nao. Alianguka akauweka mkono wa kushoto chini, na kifundo kikavunjika. Tulipouchunguza ule mshikio baadaye tulikuta kwamba skrubu mbili kati ya tatu za upande wa chini zimeliwa na kutu hadi zikawa nyembamba kama sindano, na nyuma ya kile kisahani kinachofunika skrubu mlikuwa na ute mweusi umejaa tele. Ute ule ulikuwa ukituambia jambo kwa muda mrefu. Mama mwenyewe alikiri, tena siku ya pili, hospitali, na kwa kumwambia bintiye wala si mimi, kwamba mshikio ulikuwa ukicheza kwa kiasi cha mwezi mzima. Hakutaka kusumbua watu.

Basi hilo ndilo lililonileta hapa mbele yenu.

Ndugu wananchi, mtu anaweza kusema kuwa mahodhi ya kuogea ni mambo ya wachache. Sivyo ilivyo tena. Nyumba nyingi za Serikali zilizojengwa kabla ya Uhuru na katika miaka iliyofuata, kule Oysterbay na Upanga, ziliwekwa mahodhi ya kuogea, na kuanzia mwaka 2002 idadi kubwa ya nyumba hizo waliuziwa watumishi waliokuwa wakiishi humo. Tangu siku ile matengenezo yakawa ya mwenye nyumba. Wastaafu wengine walijenga huku nje ya mji, Gongo la Mboto, Pugu na Chanika, na katika kujenga waliweka walichokuwa wamekizoea. Hata pasipo hodhi, kila bafu lenye vigae lina pembe ambamo ukuta unakutana na sakafu, lina bomba linalotoka ukutani, na likiwa la mzee au la mtu mwenye ulemavu linapaswa kuwa na mshikio. Pahala pote hapo pana mwanya, na kila mwanya umezibwa kwa kitu fulani, ama silikoni ama simenti nyeupe.

Sasa niseme kuvu ni nini. Wengine huiita ukungu, wengine koga. Si uchafu kama vumbi lilivyo uchafu. Ni kiumbe hai, jamii moja na uyoga, na mbegu zake ni ndogo mno, zinaelea hewani kila mahali, ndani ya nyumba hii na nje. Hakuna nyumba isiyokuwa na mbegu hizo, wala hakuna haja ya kuziogopa. Zinachohitaji ili ziote ni unyevu unaodumu na chakula kidogo. Unyevu wa hewa iliyogusana na ukuta ukikaa juu ya asilimia 80, kuvu huanza kuota, na penye maji yenyewe inaweza kuanza katika muda wa siku moja au mbili. Katika ukanda wetu wa pwani, asubuhi za masika, hewa ya nje tu mara nyingi imeshafika kiwango hicho. Kwa hiyo bafu letu halianzi siku likiwa kavu kama bafu la Dodoma. Linaanza likiwa limeshalowa nusu. Hapa Pugu tuko vilimani karibu na msitu, kivuli ni kingi, na nyumba iliyo bondeni chini ya miti huchelewa kupata jua.

Kuhusu chakula, watu wengi hudhani kuvu inaila silikoni. Silikoni yenyewe si chakula kizuri kwake. Inachokula ni kile kinachoganda juu yake: mabaki ya sabuni, mafuta ya mwili, ngozi inayopukutika tunapojisugua, na mafuta ya nazi tunayopaka nywele. Na hapa kuna jambo linalowahusu wanaotumia visima. Maji yenye chokaa au magnesiamu nyingi hayaelewani na sabuni. Badala ya kutoa povu huganda na kuwa utando mweupe unaonata ukutani. Utando huo ndio meza ya kuvu. Mkiona sabuni yenu haitoi povu, jueni kwamba bafu lenu linataka kusuuzwa zaidi kuliko la mwenzenu mwenye maji laini.

Mtaiona kwa rangi mbalimbali. Nyeusi na ya kijani iliyoiva ndiyo ya kawaida kwenye silikoni. Ule wekundu-wekundu kama maji ya waridi unaotelezea kwenye pembe si kuvu. Mara nyingi ni bakteria, na unatoka kwa urahisi, lakini unarudi upesi kama maji yanatuama. Kutu nayo huacha rangi ya kahawia inayochirizika chini ya skrubu. Naomba mkariri tofauti hii: weusi peke yake pembeni mwa mshikio ni suala la usafi na afya, bali weusi pamoja na mchirizi wa kahawia ni suala la usalama, na mshikio huo usitumiwe tena hadi ufunguliwe ukaangaliwe nyuma yake.

Kwa nini mshikio uathirike kuliko mahali pengine? Kwa sababu umetobolewa. Ukuta wa vigae ukiwa mzima maji huteremka juu yake yakaenda zake. Fundi anapotoboa tundu la skrubu anaifungulia maji njia ya kuingia nyuma ya kigae, kwenye plasta na kwenye tofali. Kisahani cha mapambo kinachofunika skrubu kinayaficha maji hayo yasionekane na hewa isiyafikie. Kila anayeoga anauvuta ule mshikio, nao unacheza kidogo, hata kwa unene wa karatasi tu, na kila ukicheza unanyonya tone jingine. Matone hayo yakilundikana kwa miaka mitatu ndiyo yale niliyoyakuta mimi. Ukanda wa silikoni kati ya hodhi na ukuta nao uko hivyo hivyo: hodhi likijaa maji na mtu akaingia, linashuka kidogo, akitoka, linapanda. Ukanda uliopakwa vibaya huachia upande mmoja, na nyuma yake pakawa na kijito kisichokauka.

Kuhusu afya nitasema kwa ufupi, kwa sababu mimi si daktari. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya unyevu na kuvu katika nyumba, likaeleza kwamba wakaazi wa nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari zaidi ya kupata kikohozi, kubanwa na kifua na pumu. Wanaoathirika upesi ni watoto wachanga, wazee, wenye pumu na wale ambao kinga zao za mwili zimepungua. Wasiodhani kuwa ni jambo zito wakumbuke yaliyotokea Rochdale, Uingereza, ambako mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020, na mwaka 2022 ikaamuliwa katika uchunguzi rasmi wa kifo hicho kwamba sababu ilikuwa ni kuvu iliyojaa katika nyumba waliyopangishwa wazazi wake. Bunge la nchi ile likatia kifungu katika sheria ya mwaka 2023 kumlazimisha mwenye nyumba za jamii kushughulikia kuvu kwa muda maalumu. Nyumba ile ilikuwa ya baridi na madirisha kufungwa. Zetu ni za joto. Hata hivyo mapafu ya mtoto ni yale yale.

Nikija sasa kwenye namna ya kuiondoa, naomba tuanze na onyo kabla ya dawa. Dawa inayotumika sana majumbani mwetu ni jiki. Ni dawa nzuri ikitumiwa peke yake. Msiichanganye jiki na siki, wala na ndimu, wala na ile asidi ya kusafishia choo. Ikikutana na asidi yoyote hutoa gesi ya klorini, gesi ile ile ambayo majeshi ya Ujerumani yaliifungulia upepo karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na askari wengi wakafa kwa kukosa pumzi. Sitii chumvi. Kiasi kinachopatikana bafuni ni kidogo, lakini bafu nalo ni dogo, na mlango umefungwa. Hali kadhalika jiki isimwagwe mahali penye mkojo au dawa yenye amonia, kwani hutoa gesi nyingine inayochoma macho na kifua. Wapo wanaochanganya dawa mbili kwa kufikiri kwamba nguvu itakuwa mara mbili. Anayetaka kutumia siki leo na atumie siki leo, asuuze kwa maji mengi, na jiki aiache hadi siku nyingine.

Kwa kuvu iliyo juu-juu tu, hatua ya kwanza ni sabuni na brashi, wala si jiki. Jiki ikikuta mafuta na utando wa sabuni inaishia hapo hapo, haifiki kwenye kuvu. Sugueni kwanza, suuzeni, halafu changanyeni jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo kumi na tano, pakeni kwa kitambaa, mwache kwa robo saa na msuuze tena. Dirisha na mlango viwe wazi, mikono ivae glavu, na mwenye pumu asiwepo. Jiki iliyokaa dirishani juani miezi sita imekwisha nguvu. Msilaumu kuvu kwa hilo. Pale ambapo ukanda wa silikoni umesimama na weusi hauko ndani, chukueni pamba au karatasi laini, ichovyeni katika maji hayo ya jiki, ilazeni juu ya ukanda ili dawa isiteremke, na muiondoe baada ya nusu saa.

Weusi ukibaki baada ya kufanya hivyo mara mbili, acheni kusugua. Kuvu imeshapenya ndani ya silikoni na hakuna brashi itakayoitoa; kusugua zaidi kunachubua tu ukanda na kuipa kuvu vishimo vipya. Na msipake silikoni mpya juu ya ya zamani. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Silikoni mpya haishikani na ya zamani; itakaa miezi michache, iachie, na chini yake mtakuta shamba limestawi. Ukanda wote ukatwe utolewe.

Kazi yenyewe haihitaji fundi mkubwa, inahitaji subira. Kateni kwa wembe au kisu chembamba pande zote mbili, ung'oeni, kwangueni mabaki, kisha futeni kwa spiriti. Pakeni jiki iliyochanganywa katika mwanya, suuzeni, na halafu, hapa ndipo watu wanapokosea kwa haraka, acheni mwanya ukauke kwa siku mbili, tatu kama ni masika. Hamtaoga humo siku hizo. Ndoo na kata havijawahi kumdhuru mtu. Mwanya unaozibwa ukiwa na maji ndani umefungiwa ugonjwa wake.

Kabla ya kuziba, lijazeni hodhi maji. Mafundi wengi hawalifanyi hili, na mimi mwenyewe nilifundishwa nikiwa kazini miaka kumi tayari. Hodhi lililojaa linashuka hadi mwisho wake, hasa yale ya plastiki yaliyo mepesi. Mwanya unakuwa mpana kuliko utakavyokuwa siku nyingine yoyote. Silikoni ikipakwa wakati huo na ikaganda, baadaye hodhi likipanda inabanwa tu, haivutwi ikakatika. Mkipaka hodhi likiwa tupu, siku ya kwanza mzee akiingia na maji yake ukanda unaachia. Acheni maji yakae humo hadi silikoni ikauke, ambayo huganda kwa kiasi cha milimita mbili au tatu kwa siku moja. Kwa ukanda wa milimita sita basi hesabuni siku mbili au tatu.

Silikoni nazo hazifanani. Ile inayonuka siki kali inapokauka hutoa asidi, na asidi hiyo hula chuma na haipatani vizuri na simenti. Kwa vigae na hodhi inafaa. Kwa mshikio wa chuma nunueni ile isiyonuka siki. Muuzaji atawaonyesha mkimwambia ni kwa ajili ya chuma. Na kwenye bafu iandikwe kuwa ni ya bafuni, maana hutiwa dawa ya kuzuia kuvu. Dawa hiyo inaoshwa na maji pole pole na baada ya miaka michache huisha, kwa hiyo msishangae ukanda uliokuwa mweupe miaka minne kuanza kubadilika. Ukanda wa silikoni ni kama wavu wa chandarua: una umri wake.

Juu ya mshikio sasa. Ufungueni wote, hata kama upande mmoja tu ndio wenye weusi. Skrubu zenye kutu zitupwe, hata zikionekana zina nguvu, na zinunuliwe za chuma kisichoshika kutu. Ukuta uangaliwe: tofali likiwa limelowa au plasta inavunjika kwa kidole, tundu hilo liachwe, lizibwe, na mshikio uhamishiwe penye ukuta imara. Skrubu ipite kigae na plasta na ishike ndani ya tofali lenyewe. Skrubu za ule mshikio wa mama mkwe zilikuwa zimeshika kwenye plasta. Silikoni ijazwe ndani ya tundu kabla ya skrubu kuingia, na izungushwe nyuma ya kisahani upande wa juu na wa pembeni. Chini iachwe wazi kidogo, ili maji yakiingia yapate pa kutokea na myaone. Mafundi hubishana nami juu ya hili, kwamba kazi haionekani nadhifu. Mimi nataka maji yaonekane.

Kwa kipimo, Marekani huagiza mshikio uweze kubeba paundi 250, ambazo ni kiasi cha kilo 113, uwe kwenye kimo cha kati ya sentimita 84 na 91 kutoka sakafuni, na nafasi kati yake na ukuta iwe kiasi cha sentimita 4, ili vidole viingie lakini mkono wote usipenye ukanaswa. Nimekuwa nikivitumia vipimo hivyo kwa kuwa vimejaribiwa, ila kimo nakirekebisha: mkalisheni mzee mwenyewe hapo, akiwa amevaa nguo zake, aonyeshe mkono wake unakwenda wapi anapotaka kuinuka. Baada ya kufunga, mtu mzima mzito kuliko yeye auvute kwa nguvu zake zote. Ile mishikio ya kunyonya ukuta kwa mpira, inayouzwa barabarani na kubandikwa bila skrubu, isitegemewe na mzee hata siku moja. Na bomba la maji au chuma cha kuanikia taulo si mshikio, ingawa kila anayeteleza atalikamata.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wanaoathirika zaidi ni waliovuka miaka 60. Sisi huku tunahesabu ajali za barabarani, na ni haki kuzihesabu; lakini mzee akianguka bafuni tunasema uzee umemwangusha.

Hewa. Kila nililolisema litarudi upya kama bafu halipumui. Nimeingia katika nyumba kadhaa za eneo hili na nikakuta dirisha la bafu limezibwa kwa bati kwa kuogopa wezi, au vioo vyake vimefungwa daima kwa ajili ya stara. Usalama na stara ni mambo ya haki, na yote mawili hupatikana kwa nondo na kioo kisichoonyesha, kikiachwa wazi sehemu ya juu. Aidha angalieni wavu wa mbu. Wavu uliojaa vumbi na mafuta kwa miaka mitano haupitishi hewa, na ukiushika juani mtaona haupitishi hata mwanga, utoeni uoshwe. Baada ya mtu wa mwisho kuoga, ukuta na ukingo wa hodhi ufutwe kwa kitambaa kikavu, kazi ya dakika mbili. Waliopiga dari ya jipsamu bafuni waichunguze pembeni, kwani karatasi inayofunika jipsamu ni chakula cha kuvu hasa, na huko juu hakuna anayetazama.

Nimeulizwa na mkaazi mmoja kama udongo wetu mweupe wa Pugu hauwezi kuzibia nyufa hizi, maana tuna mlima mzima wa udongo huo, na mashimo yake ya zamani sasa yamekuwa makaazi ya popo. Udongo huo ni kaolini, una sifa yake katika vyombo vya kauri na katika rangi. Kuzibia bafu haufai. Unakunywa maji na kuyashikilia. Chokaa ndiyo nyingine. Wazee wetu wa Unguja waliijua kazi yake: chokaa mbichi ni kali, kuvu haipendi kuota juu yake, na ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa hupumua, maji yakaingia na yakatoka. Tulipoanza kuzipiga plasta ya simenti nyumba za Mji Mkongwe, maji yaliyokwisha kuingia yalikosa njia ya kutokea, na hadi leo mnaona plasta ikitoka kwa mabamba. Anayekaa katika nyumba ya namna ile asikimbilie vigae na simenti mpaka juu; kuta zilizo mbali na maji azipake chokaa kila mwaka kabla ya masika.

Mwisho, juu ya nani afanye. Kwa mtumishi anayekaa nyumba ya Serikali au ya kupanga, kufuta, kusugua na kufungua dirisha ni wajibu wake. Kuta zinazovuja, bomba lililopasuka ndani ya ukuta na mshikio uliolegea ni vya mwenye nyumba, na taarifa itolewe kwa maandishi, yenye tarehe, nakala ibaki. Taarifa ya mdomo husahauliwa na aliyeisema na aliyeisikia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imezungumzia haki ya kufikia na kutumia majengo, na ofisi zenye kupokea wananchi zinakumbushwa kuwa vyoo vyao vimo katika majengo hayo. Nimeona mishikio katika vyoo vya ofisi za umma inayoning'inia kwa skrubu moja.

Mama mkwe alifungwa plasta wiki sita, akapona, mkono ukabaki mgumu kidogo kwenye kifundo. Nilifunga mshikio mwingine kama nilivyowaeleza, nikauning'inia mwenyewe mbele ya mke wangu. Mama hakuutumia. Alikuwa akioga kwa ndoo na kata, amekaa kwenye kigoda, hadi aliporudi Unguja, na kila nikimuuliza kwa kupitia bintiye kama bafu lina kasoro, jibu lilikuwa ni kwamba halina kasoro yoyote na kwamba nisijisumbue. Kwa hiyo kwa wale wenye wakwe, wazazi na mashangazi majumbani: msisubiri kuambiwa. Atumwe binti au mjukuu wa kike, aingie mara moja kwa mwezi wakati bafu ni tupu, aushike mshikio autikise, na aseme alichokiona.

Sasa niko tayari kwa maswali. Naona mzee pale nyuma amekuja na skrubu yake ndani ya karatasi. Naomba aanze yeye.